Mji Mkongwe wa Edinburgh kwa miguu: anzia juu, shuka taratibu (mwongozo kamili)

Mara ya kwanza nilitembea Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, kijinga. Nilishuka treni, nikafuata watu, nikajikuta chini kabisa kwenye ikulu ya mfalme, nikaanza kupanda. Miguuni viatu vya ngozi vya kuendea kazini, soli laini kama sahani, mawe yamelowa, na mwavuli nilionunua asubuhi ile ile upepo ukaupindua kabla sijafika hata nusu ya njia. Nikafika juu kwenye ngome nahema, nikapiga picha mbili, nikarudi kulala, halafu kila aliyeniuliza nikamwambia mji mzuri sana. Mji wenyewe nilikuwa sijauona.

Baadae mama akaja kutoka Unguja kunitembelea, umri sitini na kitu, goti la kushoto linamsumbua, ikabidi nikae na ramani nifikirie vizuri maana sikutaka kumrudisha nyumbani na goti baya zaidi ya alilokuja nalo. Njia niliyompitisha ndio hii. Inaanzia juu inashuka, kuna mpando mmoja tu wa maana na huo unakwepeka, sehemu nyingi ni bure, na ukienda kwa mwendo wa mtu mzima anayependa kukaa kwenye mabenchi itakula masaa matano mpaka sita. Bila kusimama ni nusu saa hivi, lakini hapo utakuwa umefanya kama mimi.

Kwanza elewa umbo la mji

Jina wenyewe wanatamka Edinbra. Ukisema Edinbagi wataelewa ila watacheka.

Mji Mkongwe umekaa juu ya mgongo wa kilima. Upande wa magharibi kuna jabali jeusi, ni koo la volkano iliyozimika miaka kama milioni 350 iliyopita, baadae barafu nene ikapita juu yake ikitokea magharibi, jabali likagoma kusagika, na nyuma yake upande wa mashariki ukabaki mkia mrefu wa ardhi unaoteremka polepole. Ngome iko juu ya jabali, ikulu ya Holyrood iko mwisho wa mkia, na barabara inayounganisha ndio hiyo Royal Mile mnayoisikia. Ni karibu kilomita 1.8, maana maili ya zamani ya Waskoti ilikuwa ndefu kuliko ya Waingereza. Barabara ni moja lakini jina linabadilika ukishuka: Castlehill, Lawnmarket, High Street, Canongate. Kwa hiyo ukiona kibao kimebadilika usidhani umepotea.

Sasa fikiria samaki aliyeliwa ukabaki mfupa. Uti wa mgongo ni hiyo barabara, na miiba ya pembeni ni vichochoro vinavyoshuka kulia na kushoto. Wao kichochoro wanakiita close, hutamkwa kwa s mwishoni, sio z. Vipo kwa makumi na kila kimoja kina jina lake juu ya mlango. Mtu aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe wetu wa Zanzibar au vya Lamu hatashangaa upana wake, mikono miwili ukiinyoosha unagusa kuta, ila vya kwetu viko tambarare vinakuzungusha mpaka unarudi ulipotoka, hivi vya Edinburgh vinaporomoka kwa ngazi na ulichokishuka lazima ukipande tena. Ndio maana kanuni yangu ni hii: chungulia vingi, shuka vichache. Anayetembea barabara kuu peke yake anaona maduka ya sketi za kiume na biskuti. Mji uko ubavuni.

Na utauliza kwa nini nyumba ndefu hivyo kwa mji wa zamani. Walijibana. Mwaka 1513 Waskoti walipigwa vibaya na Waingereza vitani Flodden, wakaogopa kuvamiwa, wakajenga ukuta, na kwa zaidi ya miaka mia mbili watu waliendelea kuongezeka ndani ya eneo lile lile. Nafasi ya kwenda pembeni hakuna, wakaenda juu. Ghorofa saba, nane, na nyingine zaidi, na tajiri na fukara wakipishana kwenye ngazi moja. Wenye hela walianza kuhama pale ulipochorwa mji mpya ng'ambo ya bonde mwaka 1767. Mwaka 1995 UNESCO wakaiweka miji yote miwili, mkongwe na mpya, kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Kabla hujatoka nyumbani

Viza: Uskoti iko ndani ya Ufalme wa Muungano (UK) pamoja na Uingereza, viza ya Schengen haikuingizi, na pasipoti za kwetu Afrika Mashariki lazima uombe mapema. Na ukishaingia, usimwite Mskoti Mwingereza. Hatakupiga, lakini maongezi yataishia hapo.

Viatu: raba zenye soli ya kushika. Barabara imetandikwa mawe ya kuchonga, yakilowa ni sabuni. Koti lenye kofia, mwavuli acha, nishakwambia yaliyonikuta mimi. Hata Julai beba sweta, kuna ukungu wa baridi unaingia kutoka baharini wanauita haar, asubuhi jua, saa sita huoni hata ngome.

Mwanga: hili watu wanalisahau. Juni jua linazama kama saa nne usiku, Desemba saa tisa na dakika arobaini alasiri limeshazama. Kwa wanaosali maana yake Desemba adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana kama mabasi, panga mapema, na msikiti nitauonesha njiani.

Agosti: mwezi wa matamasha, toka 1947, mji unafurika, vyumba bei juu, na kwenye Royal Mile unasukumwa tu. Kama unapenda vurugu za sanaa nenda, kama una mzee mwenye goti chagua Mei au Septemba.

Hela: karibu kila mahali ni kadi, unagusa unaondoka. Ukipewa noti usishtuke hazina sura ya mfalme, benki tatu za Uskoti zinachapa noti zao wenyewe na ni paundi halali kabisa. Ila zimalize au zibadilishe kwa noti za Benki Kuu ya Uingereza kabla ya kuondoka, mimi nilirudi nazo nyumbani na kwenye duka la kubadilishia yule kijana alizigeuzageuza akanirudishia kama nimempa karatasi za peremende.

Tiketi: vya kulipia kwenye njia hii ni ngome, ikulu na ziara ya chini ya ardhi. Ukitaka chochote kati ya hivyo nunua mtandaoni siku kadhaa kabla, ngome hasa, msimu wa watalii inajaa.

Hatua ya 1: fika juu bila kupanda

Stesheni ya Waverley iko bondeni, katikati ya mji mkongwe na mji mpya. Ukitoka utaona ngazi na vichochoro vinakuita upande, usiitike. Chukua teksi mpaka karibu na ngome, au basi linalopanda barabara ya The Mound kuelekea George IV Bridge, ushuke hapo juu, ubaki na mwinuko mfupi. Mabasi ya Lothian unagusa kadi, ukilipa sarafu hakuna chenji. Kutoka uwanja wa ndege kuna tramu mpaka Princes Street, kama nusu saa. Mwenye miguu mizima anaweza kupanda Cockburn Street, inajipinda vizuri kupunguza ukali, na hutamkwa Kobani tafadhali.

Anzeni saa nne asubuhi.

Hatua ya 2: kiwanja cha mbele ya ngome

Kiwanja ni bure na mandhari ya huku na huku ni bure. Ndani ni kulipia na ndani ni kupanda. Mama alisimama akaangalia lile lango, akaniuliza bei, nikamwambia, akasema "Mwanangu, Ngome Kongwe pale Forodhani naipita kila siku, mawe ni mawe." Tukaishia hapo. Ukiingia tenga masaa mawili na uone vitu vitatu: kikanisa cha Mtakatifu Margaret cha karne ya 12, ndilo jengo kongwe kuliko yote mjini na ni kadogo kama chumba cha kulala, mzinga mkubwa Mons Meg wa mwaka 1449, na taji la wafalme wa Uskoti. Lile jiwe la kutawazia wafalme limehamia Perth toka 2024, usilitafute.

Kabla ya kushuka, upande wa kushoto mwisho wa kiwanja, ukutani, kuna chemchemi ndogo ya chuma ambayo watu wanaipita kama haipo. Imewekwa 1894 kukumbuka wanawake waliouawa hapa kwa tuhuma za uchawi. Sheria ya Uskoti ya kuua wachawi ilianza 1563 ikafutwa 1736, na mara nyingi mtu alinyongwa kwanza kisha mwili ukachomwa. Kuna nyoka, kuna majani ya dawa, kuna vichwa viwili vya wanawake, mmoja ametulia mwingine amekunja uso. Mama alikaa hapo muda mrefu kuliko alivyoiangalia ngome, kwetu pia vikongwe wa macho mekundu wanajulikana yanayowapata.

Hatua ya 3: Lawnmarket

Shuka. Jengo la vioo vya maajabu upande wa kushoto ruka, ni la watoto na ni ghali. Ingia kichochoro cha Lady Stair, upande wa kushoto, kinafunguka kwenye ua mdogo wenye makumbusho ya waandishi: Burns, Scott na Stevenson. Bure. Angalia ngazi za ndani lakini, moja imekatwa makusudi urefu tofauti ili mwizi ajikwae usiku na aamshe watu. Mlinzi alimwonya mama, akamshika mkono, mama akajikwaa hivyo hivyo.

Ng'ambo ya barabara ni kichochoro cha Brodie. Huyu William Brodie mchana alikuwa fundi mkuu wa makabati na diwani wa mji, anaheshimika, anaitwa kwenye nyumba za matajiri kutengeneza milango na kufuli, anachukua sura ya ufunguo, usiku anarudi kuiba. Walimnyonga 1788. Na baa inayomtazama imepewa jina lake, ndio Waskoti hao.

Hatua ya 4: kona ya George IV Bridge (hapa unachagua)

Ukifika kwenye makutano pinda kulia, unaingia George IV Bridge. Haionekani kama daraja kwa sababu imejengwa majengo huku na huku, mpaka uchungulie pembeni uone kuna barabara nyingine chini kabisa inapita, hiyo ni Cowgate.

Njia ya goti: nyoosha tu, tambarare, mpaka sanamu ya mbwa.

Njia ya wenye miguu: shuka Victoria Street, ile barabara iliyojikunja yenye maduka ya rangi rangi inayopigwa picha kila dakika, utatokea Grassmarket. Palikuwa soko la mifugo na mahali pa kunyongea watu hadharani. Mwaka 1724 walimnyonga hapa mwanamke mmoja Maggie Dickson, wakamtia jenezani wampeleke kwao kuzikwa, njiani wakasimama kunywa, jeneza likaanza kugongwa kutoka ndani. Alikuwa hai, na sheria ikaona hukumu imeshatekelezwa, wakamwachia, akaishi miaka mingi mingine. Halafu panda Candlemaker Row, ndio huo mpando niliokwambia, mfupi lakini unauma, utakutana na wenzio wa njia ya goti kwa mbwa.

Mbwa anaitwa Bobby, mbwa mdogo wa manyoya, inasemwa alilinda kaburi la bwana wake kuanzia 1858 mpaka alipokufa yeye mwenyewe 1872. Watalii wanamsugua pua eti bahati mpaka imebaki kung'aa, wenyeji wanachukia, na hakuna mila yoyote ya zamani hapo, mwache. Nyuma yake ni kanisa na makaburi ya Greyfriars. Ingia, pako kimya. Tafuta makaburi yaliyofungiwa ndani ya vizimba vya chuma. Havikuwa vya kumzuia maiti kutoka, vilikuwa vya kumzuia mwizi kuingia, maana madaktari wa hapa walihitaji maiti za kufundishia na walilipa bila maswali. Burke na Hare mwaka 1828 wakaona kuchimba ni kazi, wakawa wanaua kabisa, watu 16. Burke alinyongwa pale Lawnmarket ulikotoka.

Sasa pumzika. Vuka barabara uingie makumbusho ya taifa, Chambers Street, bure, inafungwa saa kumi na moja jioni. Hapa ndio choo kizuri, lifti, viti, chai. Kuna Dolly, yule kondoo aliyezalishwa kwa seli ya mwenzake 1996 kijijini Roslin karibu na hapa, amekaushwa anazunguka kwenye kioo. Panda lifti mpaka paa, kama upepo haukuzidi, uone mji wote pamoja na ngome usawa wa macho.

Kama siku sio Jumapili, saa saba kamili mchana utasikia mlipuko. Usilale chini. Ni mzinga wa ngome, unapigwa toka 1861 ili meli za bandari ya Leith zirekebishe saa zao. Mama alisema astaghfirullah akashika mkoba, mhudumu aliyekuwa karibu akatabasamu tu bila kugeuka.

Mwisho wa Chambers Street kuna jengo lenye kuba, Old College ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Chuo hiki ndicho alichosoma Mwalimu Nyerere, 1949 mpaka 1952, akatoka na shahada ya M.A. Mama ana maneno yake kuhusu Mwalimu, ni mtu wa Unguja, sitayaandika hapa, lakini alitaka apigwe picha na lile kuba nyuma yake. Ukitembea dakika chache kusini kutoka hapo unafika msikiti mkuu, Potterrow, ulifunguliwa 1998, una mnara unaofanana na minara ya ngome za Kiskoti, na vyakula vya halali vimejaa mitaa hiyo hiyo. Kula hapo. Haggis, kile chakula cha taifa, ni moyo, ini na mapafu ya kondoo yanasagwa na oti (nafaka ya uji) na vitunguu, yanashindiliwa tumboni mwa kondoo, Wakenya wataifikiria mutura. Ukihofia uchinjaji kuna haggis ya maharage na mboga karibu kila mkahawa na kusema kweli mi naipenda zaidi.

Hatua ya 5: kanisa la St Giles

Rudi kwa George IV Bridge, tambarare tena, ukifika Royal Mile pinda kulia. Sanamu ya mtu aliyekaa nusu uchi kama yuko hamamuni ni David Hume, mwanafalsafa aliyedharau ushirikina maisha yake yote, na wanafunzi wanamsugua kidole cha mguu wafaulu mtihani.

Mbele ya mlango wa kanisa, chini, mawe yamepangwa umbo la moyo. Usisimame juu yake, watu wanautemea mate. Hapo ndipo lilikuwa gereza lililobomolewa 1817, na wapo wanaosema mate ni ya bahati. Mama hakuamini mpaka babu mmoja aliyevaa tai akapita akatema bila kupunguza mwendo.

Ndani ya kanisa ni bure, sanduku la mchango lipo. Nenda kona ya kulia nyuma kwenye kikanisa kidogo cha 1911 chenye mbao za kuchongwa umtafute malaika anayepiga zumari la mfuko. Na siku za kazi, kwenye uwanja wa nyuma ya kanisa, unaweza kuingia ukumbi wa bunge la zamani, ambalo lilijipigia kura ya kujifuta likaungana na la Uingereza mwaka 1707. Siku hizi ni mahakama, mawakili wanatembea wawili wawili huku na huku wakinong'ona ili asiwasikie mtu. Hawaambii watalii kwamba ruhusa ipo. Ipo.

Hatua ya 6: vichochoro, hapa usikimbie

Kando ya jengo la halmashauri, karibu ukabiliane na St Giles, tafuta Advocate's Close. Simama juu, usishuke. Kuta mbili nyeusi zinabana, ngazi zinaporomoka, na chini kabisa katikati ya ufa huo mnara wa kumbukumbu ya yule mwandishi Scott umejichomeka kama sindano. Asubuhi na mapema ngazi zinang'aa kwa umande. Goti halihitajiki.

Hapa hapa nikueleze habari ya maji machafu. Ghorofa nane, mabomba hakuna, vyoo hakuna. Usiku zikigonga saa nne ndoo zote zilimwagwa dirishani, na aliye juu alitakiwa apige kelele "gardyloo!", neno walilolichukua kwa Wafaransa kumaanisha jihadhari na maji, na aliye chini ajibu haraka amzuie mkono. Ukisimama ndani ya close ukaangalia juu ule mkanda mwembamba wa anga, utaona hakuna pa kukimbilia.

Chini ya jengo la halmashauri wamefukia mtaa mzima, Mary King's Close, walijenga juu yake kuanzia 1753. Ni ziara ya kulipia, ngazi nyingi, giza, na maelezo ni mazuri hasa kuhusu tauni ya 1645. Mama alibaki juu na chai.

Halafu ushuke High Street, pita makutano ya South Bridge, na upande wa kushoto tafuta Paisley Close. Juu ya mlango kuna uso wa kijana umechongwa na utepe wa maneno. Usiku wa Novemba 1861 jengo la hapa liliporomoka watu wakiwa wamelala, wakafa 35. Waokoaji walikuwa wamekaribia kukata tamaa, wakasikia sauti ya kijana chini ya kifusi ikisema kwa Kiskoti, vuteni jamani, sijafa bado. Wakamtoa. Mwaka uliofuata mji ukaajiri daktari wake wa kwanza wa afya ya umma. Maelfu wanapita chini ya uso huo kwenda kununua kahawa, na mimi nilipita mara ya kwanza, tena nikihema.

Hatua ya 7: mwisho wa dunia na baada yake

Nyumba inayotokeza barabarani yenye ngazi za nje ndiyo inayoitwa nyumba ya John Knox, mhubiri aliyeongoza mageuzi ya Kiprotestanti Uskoti, nyumba ni ya karne ya 15. Hatua chache chini yake, kwenye makutano, angalia lami: kuna vipande vya shaba vimetandikwa vinaonesha lango la mji lilipokuwa. Close ya mwisho kabla ya lango inaitwa World's End, mwisho wa dunia, maana kwa fukara aliyekuwa hana ada ya kurudi ndani, dunia yake iliishia hapo.

Baada ya hapo ni Canongate, ulikuwa mji mwingine kabisa na madiwani wake, hauko tena ndani ya ukuta, na utaona nafasi inaongezeka, watalii wanapungua. Kwangu ndio sehemu bora. Jengo lenye saa inayochomoza barabarani ni mahakama na jela ya 1591, sasa makumbusho ya maisha ya watu wa kawaida, bure. Jirani kuna kanisa la Canongate, kaburi la Adam Smith mchumi liko uani, watu huacha sarafu juu. Na kabla ya kuondoka ingia Dunbar's Close, mlango wa kawaida tu ungedhani ni njia ya taka, ndani kuna bustani ya mtindo wa karne ya 17, vichaka vimekatwa miraba, benchi chini ya mti. Mama alivua kiatu kimoja hapo tukakaa nusu saa nzima bila kuongea.

Hatua ya 8: bunge, ikulu na herufi S

Chini kabisa kushoto ni ikulu, kulia ni bunge jipya la Uskoti, lilifunguliwa 2004, liligharimu paundi milioni 414 na bado wanalumbana kama ni zuri au baya. Kuingia ni bure, wanakagua mabegi kama uwanja wa ndege, Jumapili linafungwa. Ikulu ya Holyrood ni kulipia, na mfalme akiwepo, kawaida mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai, haifunguliwi. Chumba cha kuona ni kile ambacho Machi 1566 katibu wa Malkia Mary wa Uskoti, Mtaliano David Rizzio, aliburutwa kutoka kwenye meza ya chakula mbele ya malkia mjamzito akachomwa visu.

Lakini hata kama huingii ikulu, angalia barabarani pale mwisho, kwenye Abbey Strand. Kuna herufi S za shaba zimezamishwa kwenye mawe, zinavuka barabara. Zamani ardhi ya abasia, nyumba ya watawa iliyokuwa hapa, ilikuwa mahali pa kukimbilia, mdaiwa akivuka mstari huo hakamatwi. Watu wenye heshima zao wakawa wanakimbilia hapa wadai wamewafuata nyuma, wanapanga vyumba, wanaishi miezi, wengine miaka, na Jumapili wanatoka kutembelea ndugu kwa sababu Jumapili kukamata mtu kwa deni ilikatazwa, halafu wanarudi kabla ya saa sita usiku. Yaani fikiria upande huu wa herufi wewe ni mfungwa, hatua moja mbele wewe ni bwana mkubwa. Nikamweleza mama, akaniuliza kama hawa wa mikopo ya simu wanaijua hii sehemu.

Kurudi

Usipande. Nakuomba. Teksi au basi mpaka Princes Street, ukashukie karibu na ule mnara wa Scott uliouona kwenye ufa. Ndani ya bustani, pembeni ya mnara, kuna sanamu ya David Livingstone, ngozi ya simba na Biblia mkononi. Mama alimtambua kabla sijamwambia, nyumba aliyokaa Unguja ipo mpaka leo na kila mtoto wa mjini anaijua. Alizunguka sanamu yote, mbele na nyuma, akitafuta. Nikamuuliza anatafuta nini. "Chuma na Susi," akasema, wale waliobeba mwili wake kwa miezi mpaka Bagamoyo, ukafika Februari 1874. Nikamwambia hapa yuko peke yake. Akapiga picha hivyo hivyo, tukavuka.

Stesheni iko hapo hapo, ngazi za Waverley zina ngazi za umeme pembeni, zinakushusha mpaka ndani.